Mtafuta Kazi wa Kudumu Aomba Likizo

Euphrasia Masanja,
Nyuma ya ghala la pamba la zamani,
Ushirombo.

Kwa Mwenyekiti wa Kitongoji,
Ushirombo.

YAH: KUOMBA LIKIZO YA MWAKA KUTOKA KATIKA KAZI YA KUTAFUTA KAZI

Ndugu Mwenyekiti, Baba Rhoda, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Rhoda na ng'ombe wenu, hasa yule aliyekuwa anachechemea. Mimi si mzima sana, na ndiyo maana naandika. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kama unavyojua, nina shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, yaani nimesomea kuajiri watu. Tangu nihitimu, miaka saba iliyopita, nimefanya kazi moja tu: kutafuta kazi. Sijawahi kuchelewa wala kupewa onyo. Nimepeleka maombi Geita, Kahama, Shinyanga mjini, Maganzo kwa wanunuzi wa almasi, mpaka kwenye shule ya chekechea iliyotaka mpishi. Hapo nilikosa kwa sababu nimesoma mno. Vitabu vyangu vilinifundisha kwamba mtu akifanya kazi mfululizo bila kupumzika huharibika. Nimeharibika, Mwenyekiti.

Utajiuliza kwa nini nakuletea wewe. Mwajiri simjui, na yeye hanijui. Lakini kila ombi la kazi linataka barua ya utambulisho, na barua hizo zote umezigonga muhuri wewe. Nusu ya wino wa ofisi yako umeishia kwangu. Wewe ndiye unayejua nimetoka lini, nimekwenda wapi na nimerudi mikono mitupu saa ngapi. Kwa taaluma yangu, mtu wa namna hiyo anaitwa msimamizi wa kazi. Usikimbie cheo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sina siku ya mapumziko. Jumapili iliyopita, padri aliposema tutakiane amani, Mama Scolastika alinishika mkono, akanitakia amani ya Kristo, na kabla hajauachia akaniuliza kama wale wa Geita wameshanijibu. Nikamwambia bado. Akageukia benchi la nyuma, akawatakia amani na kuwaambia bado.

2. Salamu. Hapa kwetu huwezi kumpita mtu bila kumsalimu, na salamu ya Kisukuma haina haraka. Ukishasema mwangaluka unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya mifugo, ya mvua. Sasa watu wamechomeka swali la kazi yangu katikati, baada ya mifugo na kabla ya mvua, kama vile wazee walituachia hivyo. Watoto wadogo wanaojifunza kusalimu wanalijua. Siku hizi napita kwenye mihogo ya watu ili nisionekane. Nimeshaitiwa mwizi mara mbili, na wote waliokuja na marungu, walipoona ni mimi, waliyashusha wakaniuliza kama nimepata.

3. Washauri. Bashiri wa duka la kuchapisha alisema picha yangu kwenye wasifu imenuna, hakuna atakayeniajiri. Nikapiga nyingine nikicheka. Wiki iliyofuata akasema mwenye shida hacheki, waajiri watadhani nina mume tajiri. Sasa natuma zote mbili.

4. Ubaguzi, na hili linaniuma hasa. Kijana Marselino, mwanao, anachimba duara lake, shimo la dhahabu, kule porini mwaka wa nne huu bila kuona hata punje. Kitongoji kizima kinamwita mpambanaji. Watu wanamchangia dizeli ya pampu, na wewe mwenyewe uliuza ndama kwa ajili yake. Mimi nachimba katika maofisi miaka saba, sijaona punje vilevile, na ninaitwa Yule Aliyesoma. Hakuna aliyewahi kunichangia hata bahasha. Nauliza kwa heshima: tofauti yetu ni nini, zaidi ya kwamba shimo lake linaonekana?

5. Madhara ya kiafya yaliyotokana na kazi. Haya nayaeleza kwa aibu. Mama akiniuliza ugali umetosha, najibu kwamba naamini nitakuwa hazina kwa taasisi yake. Kwenye msiba wa mjomba nilisimamishwa nitoe shukrani kwa niaba ya familia, nikajikuta nawaambia waombolezaji kuwa ninajituma na ninaweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa. Mtu mmoja alipiga makofi. Na Edson, yule mwenye mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kijana mstaarabu kabisa, aliponiandikia kwenye simu kwamba anataka kuja nyumbani na wazee wake, vidole vyangu vilimjibu vyenyewe: tunashukuru kwa ombi lako, ushindani ulikuwa mkubwa, watakaoitwa ni waliokidhi vigezo pekee. Mpaka leo Edson anapita njia nyingine.

Jamani, nimechoka. Nalala nimechoka na naamka nimechoka zaidi. Sitaki mali wala ukubwa. Nataka kukaa barazani siku chache nichambue mchicha, mtu apite, anisalimu, aulize ya mvua, aende zake. Ni hilo tu ninalolilia.

Kwa hiyo naomba:

(a) Likizo ya siku ishirini na nane kama mfanyakazi mwingine yeyote. Katika siku hizo, atakayeniuliza kama nimepata apigwe mchenya, faini yetu ya jadi, ya jogoo mmoja. Akiuliza kwa kunionea huruma, majogoo wawili.

(b) Nauli ya likizo ya kwenda Chato, nikalitazame ziwa bila kuliuliza kama lina nafasi.

(c) Nipatiwe kaimu. Kazi hii haiwezi kubaki wazi. Namchukua Bashiri, kwa vile anaijua vizuri kuliko mimi. Akitoka asubuhi na bahasha, aulizwe yeye.

(d) Nipandishwe daraja, niwe Mtafuta Kazi Mwandamizi. Matangazo yote yanataka uzoefu wa miaka mitano, na mimi ninao saba. Vijana wanaomaliza chuo sasa waletwe kwangu niwafundishe kusubiri.

(e) Mei Mosi ijayo nipite mbele ya jukwaa na bango langu, nipokee zawadi ya mfanyakazi bora. Sijui ni nani mwingine katika wilaya hii aliyefanya kazi miaka saba bila mshahara na bila kugoma.

(f) Nikifika miaka sitini kabla sijapata, nistaafishwe rasmi kwa sherehe, na nafasi yangu itangazwe. Waombaji waje na barua za utambulisho.

Ukiona haya ni mengi, nipe (a) peke yake. Hata bila majogoo.

Nakushukuru kwa kunisikiliza, na wabeja sana kwa mihuri yote ya miaka iliyopita. Nisalimie Mama Rhoda, Rhoda mwenyewe na wanawe, Marselino akitoka shimoni, mgambo wako, na wote wanaokaa hapo nje ya ofisi yako kusubiri barua kama mimi. Waambie nawapenda, ila wasiniulize.

Wako mtiifu, mchovu,

Euphrasia Masanja
Mtafuta Kazi wa Kudumu

N.B. Nimelazimika kuifungua tena bahasha. Nilimsomea mama barua hii apate kunipa baraka, naye aliposikia neno likizo akaniamuru nirudie. Nikarudia. Akasema mtu asiye na kazi haombi likizo, tangu lini? Kabla sijasimama alikuwa ameshatoka nje anapiga vigelegele na kutangaza kwamba nimepata. Mama Violeth wa nyumba ya tatu amekuja na vyeti vya mwanawe, anataka nimshike mkono huko kazini kwangu. Wazee wa jumuiya wameleta mbuzi. Mama amefungua sanduku akavaa kitenge alichokinunua kwa ajili ya mshahara wangu wa kwanza, na sasa anamenya viazi huku anaimba. Mwenyekiti, sijamsikia mama akiimba tangu nihitimu. Nimefungua mdomo nimwambie, nikaufunga.

Kwa hiyo, Baba Rhoda, nakusihi usiidhinishe likizo hii. Niandalie barua ya utambulisho kama kawaida, nitaipitia alfajiri, jina la mwajiri nitajaza njiani. Gari la Geita huwa halisubiri, lakini hilo lisikupe wasiwasi: mama amesema kesho ataniamsha mwenyewe, nisije nikachelewa kazini.