Mama Mkwe na Utabiri wa Februari

Redio ya Muhonja muuza chai ilitangaza kwamba Februari itakuwa na jua kali kuliko kawaida, na pale kibandani Lurambi hakuna aliyefurahi kama Shikanga. Siku hiyo mama mkwe wake alikuwa ametoka Butere kuja kuona boma la binti yake kwa mara ya kwanza. Ale ingokho, kuku wa heshima, aondoke jua lingali juu. Mila haina mchezo: mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake, na Shikanga paa alikuwa nalo moja tu. Alikuwa amemsalimu kwa mbali, macho chini, kisha akakimbilia kibandani kuheshimu kutoka huko.

Ochieng, anayeitwa Setilaiti kwa sababu huchungulia hali ya hewa kwenye simu hata kanisani, alimtuliza kabisa. Maji ya Pasifiki yamepoa, akaeleza, na yakipoa huko, huku kwetu mvua hupotea. Shikanga akamwagizia chai ya pili.

"Hiyo Pasifiki iko kaunti gani?" akauliza Wanzala. Huyu alisomea kilimo Bukura muhula mmoja, wakamwita Profesa.

"Iko mbali, lakini ndiyo inaamuanga."

"Inaamuanga ya Garissa. Ya hapa inatokanga ziwani, na ingine Kongo. Na hao hawajaambiwa."

"Profesa, unabishana na bahari?"

"Nabishana na wewe. Bahari haijasema kitu."

Shikanga alikasirika kwelikweli. Mtu ana shida ya paa, wenzake wanamletea Kongo! Akawakumbusha kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na yeye haoni wingu hata moja.

Profesa akamwomba ageuke.

Upande wa msitu mbingu ilikuwa nyeusi tii. Kabla hajameza mate, mvua ilishuka ile ya kuvunja migomba, wakavuta benchi ndani. Setilaiti hakutikisika. Alipaza sauti juu ya kelele za mabati akisema kwamba ukichukua wastani wa miezi mitatu, hiki bado ni kiangazi.

Simu ya Shikanga ikalia. Alikuwa Navalayo, mkewe.

"Baba Mitchel, barabara imekatika. Mama analala."

"Analala wapi?"

"Kwani uko na nyumba ngapi?"

"Na mimi je?"

"Hiyo pia ameuliza. Nikamwambia uko na marafiki."

Shikanga akawatazama marafiki. Setilaiti akakumbuka kwamba kwake kuna wageni wengi mno. Profesa akaanza kutafuta mwavuli ambao hakuja nao.

"Amesema usijali," Navalayo akaendelea. "Ataenda mvua ikiisha."

Shikanga akakata simu, akauliza taratibu, kama mtu anayeuliza daktari, mvua ya Kakamega huisha mwezi gani. Setilaiti akaitia simu yake mfukoni.

"Mimi nilizaliwa hapa," akasema Muhonja, akisuuza vikombe. "Bado nangojea iishe."