Ripoti ya Safari ya Malta, Iliyosomwa Kando ya Rundo la Mawe

(Hotuba ya Bwana Kisilu, Mratibu wa Mradi wa Bwawa, aliyoitoa kando ya mto mkavu karibu na Kathonzweni, Oktoba 1986. Nimeiandika mimi karani wake, ambaye nilikula wali wa mkutano na kwa hivyo sina haki ya kumcheka mtu.)

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, ambaye amepata udhuru, mwakilishi wake, ambaye yuko njiani tangu saa tatu, Bwana Chifu, Bwana Naibu wa Chifu, Mchungaji Jonah na kwaya yake, Mzee Abdow, ambaye ng'ombe wake wanalingojea bwawa hili kwa heshima kuliko binadamu wengi ninaowaona hapa, nanyi akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kazi ya pamoja, mliovunja mawe haya na kuyabeba kwa mgongo misimu miwili ya kiangazi mpaka yakawa kilima, nami mwenyewe nikijitaja wa mwisho kwa sababu ya unyenyekevu wangu, ambao unajulikana hadi soko la Kabati! (Makofi. Mimi ndiye niliyeanza.)

Nasimama mbele yenu nikiwa nimerejea salama kutoka kisiwa cha Malta, katika bahari ya Mediterania, ambako kamati, yaani mimi, ilikwenda kwa study tour ya kimataifa kuhusu uhifadhi wa maji katika sehemu kame, na kwa wale walio wa kanisa, ni kisiwa kile kile ambacho Mtume Paulo alifika.

(Kaluki, mwenyekiti wa mwethya: "Paulo alivunjikiwa na meli. Wewe ulivunjikiwa na nini?" Kicheko.)

Asante, Mama Kaluki. Maswali ni mwisho, wakati ukiruhusu, na hautaruhusu.

Kwa upande wa mandhari, Malta ni Kathonzweni iliyozungukwa na maji ya chumvi. Jua ni lile lile. Mto hawana hata mmoja. Mbuzi wapo, mijusi wapo, mipungate yenye miiba iko kando ya kila njia, na mashamba yamekatwa matuta yenye kuta za mawe kama yenu, ila ya kwao hayajabomoka. Nilisimama juu ya jabali, bahari iko chini kabisa, buluu hata macho yanauma, nikaitazama dakika arobaini na tano kwa niaba yenu, ambapo asilimia sabini na nane ya kutazama huko ilikuwa ya kiufundi. (Makofi machache.)

Tukija kwa sekta ya chakula, nilipewa sungura aliyepikwa kwa mvinyo, ambao, Mchungaji, nilihakikishiwa ulikuwa umechemka ukaisha nguvu. Nikapewa mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni. Nikapewa jibini ya mbuzi, ndogo kama kipande cha sabuni. Na siku ya nne nikapewa pweza, mnyama wa miguu minane, ambayo niliikagua mmoja baada ya mwingine bila kuruka hata mmoja.

(Sauti: "Na sisi siku hiyo tulikula nini?")

Mlikula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, chakula ambacho nilikisifu sana pale mezani. (Kicheko cha uchungu.)

Sasa, magofu! Nilionyeshwa mahekalu ya mawe yaliyojengwa zaidi ya miaka elfu tano iliyopita. Paa hakuna. Mlango hakuna. Nusu ya ukuta imelala. Na watu wanapanda ndege kutoka Ulaya nzima kuja kuyapiga picha! Halafu chini ya nyumba za zamani walichimba tangi ndani ya mwamba, mvua ikinyesha juu ya paa inateremka humo, na mama wa nyumba anachota akiwa jikoni kwake.

(Akina mama wanasogea karibu.)

(Kaluki: "Jikoni?")

Jikoni, Mama. Hatua tatu.

(Kaluki: "Sisi ni saa mbili na nusu kwenda, na kurudi ni zaidi kwa sababu mtungi umejaa. Kisilu, mwanangu, mvua ya Novemba imebakiza wiki tatu tu. Simiti iko wapi?")

Swali zuri, na nitalijibu kwa mapana na marefu. Simiti iko katika hatua ya juu sana ya kufikiriwa. Lakini huko Malta nilifunguka macho. Wenzetu walijenga kwanza, wakangoja miaka elfu tano, ndipo wakapata magofu. Sisi tunaweza kuanza na magofu moja kwa moja! Kwa hivyo kuanzia leo rundo hili lisiguswe. Tutaweka kamba na kibao, na wageni wanaokuja Alhamisi tutawaambia kwamba hapa palikuwa na bwawa la kale sana.

(Kaluki anasimama. "Akina mama, kila mtu na jiwe lake. Tunaziba mto kwa mawe na udongo, bila simiti. Likibomoka baada ya wiki mbili, tutakuwa tumekunywa wiki mbili." Wanainuka wote. Mchungaji Jonah anavua koti.)

Naona mmeguswa. Harambee! (Hakuna anayeitikia, wana mawe mikononi.) Maji kwa wote! Mbele pamoja! Mama Kaluki, hiyo ni mali ya historia, unaipeleka wapi? Bwana Chifu, waambie! (Bwana Chifu anatafuta jiwe la saizi yake.)

Basi nimalizie kwa shukrani. Nawashukuru kwa bwawa hili, ambalo kwa mujibu wa ripoti niliyoituma mwenyewe lilikamilika mwaka jana kwa asilimia mia moja na nne, na ambalo ndilo lililonipatia mwaliko wa Malta, si kwenda kujifunza, bali kwenda kuwaeleza wenyeji wa huko vile tulivyolijenga. Hao ndio wageni wa Alhamisi, wanakuja kuliona. Asanteni, Mungu awabariki, na atakayebeba wa mwisho, tafadhali, aniachie mawe mawili matatu ya kuwaonyesha.

(Karani ameweka kalamu chini, amekwenda kubeba.)