Mtini Wangu na Blanketi la Mwenyekiti

Alhamisi, 26 Februari
Saa kumi na mbili asubuhi, spika! Kijiji kizima kimeamshwa na Mama Bong Mal-sun, mwenyekiti wetu. Kasema baridi ile ya Machi inayoyaonea maua wivu inashuka Jumatatu, miti isivuliwe mabua tuliyoivika kwa kipindi cha baridi. Angeishia hapo. Hapana! Kaongeza kwamba yupo bwana mmoja mwenye mtini karibu na daraja, anajijua. Daraja ni moja. Mtini ni mmoja. Nimefura!

Huu ni mtini wangu wa tatu. Miwili iliyotangulia iliuawa na Machi. Deok-im, mke wangu, kasema huu ukifa anapanda pilipili mahali pake na hataki mjadala. Mama yake, miaka themanini na minane, alizaliwa pwani ya kusini, kwenye tini za kumwaga. Kila akipiga simu huuliza tini za mkwe wake zitaiva lini. Hajala hata moja. Anasema hana miaka mingi ya kungoja.

Basi nimeuvua mtini mabua yote, mchana kweupe, mbele ya dirisha la Bong. Upate jua, uwahi kuchipua. Mabua nimeyachoma. Safi sana!

Jumamosi, 28 Februari
Redio inasema Jumatatu nyuzi sita chini ya sifuri. Hata redio iko upande wake! Nimetafuta mabua kila nyumba. Hakuna. Yote yamekwenda kwenye nyumba ya mwezi, lile rundo la mabua na matawi ya misonobari tutakalolichoma Jumanne, mwezi wa kwanza wa mwaka wetu wa jadi ukijaa. Nimwombe Bong? Bora nile udongo.

Nimeufunga mtini kwa mkeka wa umeme wa kulalia. Fyuzi imekatika. Nyumba giza, wali nusu mbichi. Na Mama mkwe ndiyo kwanza kafika kwa sikukuu, na mkeka ulikuwa wake. Deok-im kauliza, "Baba Su-rin, unataka kumpasha joto mama yangu au mti?" Nimeufungua mkeka, nikaurudisha kitandani kwake.

Jumapili, 1 Machi
Wote walikuwa ukumbini wakila tambi. Nimekwenda uwanjani na toroli. Nyumba ya mwezi ina mgongo, na mgongo hakuna auangaliaye. Nimechota toroli mbili za mabua, pengo nikaliziba kwa maboksi.

Yalikuwa na vikaratasi vya maombi, vile tunavyovifunga kila mwaka viungue na kupanda kwa mwezi. Nilivijua. Lakini vya nyuma ni vya waliochelewa, na waliochelewa wana haraka gani? Karatasi nayo huzuia baridi. Kufikia saa tisa mtini umevaa toka shina hadi ncha. Bong atakiona!

Jumatatu, 2 Machi
Toroli ilikuwa na tundu. Mabua yamedondoka njia nzima, toka uwanjani hadi langoni kwangu!

Saa mbili watu kumi na wawili uani, Bong mbele. Hakuwa na kipaza sauti na wala hakukihitaji. Kasema ombi lisipoungua haliendi popote, na mwanamume mzima kuuvalisha mti maombi ya wenzake hajapata kuona tangu azaliwe. Deok-im kacheka! Upande wao! Kila mtu kachomoa lake, mabua nayo wakayabeba, mtini ukabaki uchi na upepo umeshaanza. Nimepiga kelele kwamba huu ni unyang'anyi. Hakuna aliyegeuka.

Mama mkwe kapata karatasi yake, akanisomea. Anaomba ale tini moja ya mkwe wake kabla hajaondoka duniani, hata ikiwa chachu. Kisha kavua koti lake la pamba, akaufunga mtini. Kwenye upepo ule! Nimeona aibu, na aibu ikanizidishia hasira.

Bong kakimbia kwake, karudi na magunia ya pumba za mpunga na blanketi. La waridi! Maua makubwa kama sahani! Koti kamrudishia Mama mkwe, pumba kazimwaga shinani, mti kaufunga kwa blanketi, kamba nne. "Bwana Ma, usiliguse mpaka niseme." Uani kwangu! Mimi!

Alhamisi, 5 Machi
Wanasema moto wa Jumanne ulikuwa mzuri. Sikwenda. Baridi ilifika nyuzi saba chini ya sifuri.

Leo Mama mkwe kaingiza mkono chini ya blanketi, kakwaruza gome kwa ukucha. Kijani. Tawi la pili, kijani. Kalia machozi. Kasema, "Mkwe wangu, nenda kamshukuru yule mama." Nimesema nitakwenda.

Jumamosi, 7 Machi
Jua! Na kila apitaye darajani anasimama kuuliza kama mti wangu umeshaamka. Muuza tofu kapiga picha. Picha! Miaka thelathini na mmoja nimekaa dirishani posta, hakuna aliyethubutu kunicheka.

Asubuhi Bong katangaza kwamba baridi nyingine inarudi kesho. Namjua. Anataka blanketi lake lionekane wiki nzima zaidi, apate sifa.

Deok-im yuko sokoni. Mama mkwe kalala baada ya chakula, nimemfunika vizuri. Blanketi nitalifua, nitalikunja, nitampelekea Bong mkononi pamoja na shukrani zangu, kama nilivyoahidi. Kamba tatu nimeshazifungua. Ya nne ngumu kidogo, nakwenda kuchukua kisu cha kabichi.