Mpango wa Kutokuwa na Wasiwasi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimepimwa presha. Mia sitini na nane juu ya mia na nne! Nesi wa kiwanda akaitazama mashine, akanitazama mimi, akapima tena. Zilezile. Akaniuliza nina mawazo gani. Nikamjibu sina mawazo hata kidogo. Akasema mwili wangu unasema mengine.

Sheria ya kiwanda chetu cha uchapaji haina mjadala: mwenye presha ya juu hagusi mashine ya kukata karatasi. Kisu kile kinapita kwenye rimu nzima kama kijiko kwenye uji. Jumatatu ijayo napimwa tena. Nikikutwa bado niko juu, napelekwa stoo kupanga maboksi, na kisu anapewa Gundi.

Gundi ni yule bwana anayebandika majalada. Miaka kumi na tisa nimesimama kwenye kisu, na miaka kumi na tisa yeye anakikodolea macho. Natoka zahanati namkuta ameshatundika aproni yake kwenye msumari wangu! Masikio yakaniwaka moto.

Nesi amenipa vidonge, ila anasema vidonge peke yake havitoshi. Hasira, hofu, mambo ya kuweka moyoni, vyote vinashukia mwilini. Kaniazima mashine ndogo nijipime nyumbani asubuhi na jioni. Mama mpole sana. Haijui aproni ya Gundi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mpango wa kwanza: kutulia kwa nguvu. Kila ninapopandwa na hasira, navuta pumzi na kuhesabu hadi kumi.

Saa tatu, Gundi akaanza kupiga mluzi. Nikahesabu hadi kumi. Saa nne akaniuliza hali ya afya yangu, kwa sauti, mbele ya kiwanda kizima. Nikahesabu hadi sitini. Saa sita nilikuwa nimefika mia nne, na msimamizi akataka kujua kwa nini kalenda hazikatwi.

Jioni: mia sabini na mbili. Utulivu unaniua!

Mwenzangu (ndivyo ninavyomwita mke wangu, mwaka wa ishirini na tatu huu) akaniuliza ni nini hasa kinachonikosesha raha. Nikamtajia. Dari ya bafuni inavuja. Dada zangu wawili hawasemezani kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama. Shule imeandika barua kuhusu hesabu za binti yetu. Jirani anagonga ukuta. Akanionea huruma. Akasema hiyo dari nimwachie yeye.

Alisema dari. Ila mtu mwenye akili anajua kusoma moyo wa mkewe. Nikamwachia yote.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Huu ndio mpango! Naona haya kwamba sikuugundua mapema. Wasiwasi ukinijia, namkabidhi Mwenzangu papo hapo, halafu natoka nje kupunga upepo.

Leo nimempigia simu saluni kwake mara tano. Mara ya kwanza nilimwambia dada mkubwa amenuna. Mara ya pili, dada mdogo amenuna kuliko yule mkubwa. Mara ya tatu nilihisi nimeacha pasi kwenye umeme, akafunga saluni akakimbia nyumbani kuangalia. Sikuwa nimeiacha. Nikafurahi sana. Mara ya nne na ya tano sikumbuki, na hapo ndipo utamu wa mpango ulipo.

Jioni: mia arobaini na nane! Nimelala usingizi wa mtoto kwenye kochi kabla hata ya chakula.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mia thelathini na nane. Gundi ameanza kunitazama kwa mashaka. Leo mimi ndiye niliyepiga mluzi.

Nyumbani kuna vijambo vidogo. Jicho la kushoto la Mwenzangu linamcheza tangu jana. Shingo imekakamaa, akiitwa anageuka mwili mzima. Mikono imemtoka vipele. Nikamwambia ni mbu. Akaniuliza ni mbu gani hawa wanaomuuma yeye tu na kuniacha mimi. Pia amemsuka mteja wake mistari sita upande mmoja na tisa upande wa pili, na mteja akaenda hivyo hivyo hadi kwa wakwe zake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tena siku hizi haimbi akiwa jikoni. Kwa kawaida huimba, na wimbo wenyewe huwa haujui vizuri. Nyumba imekuwa kimya. Nikadhani ananisaidia kushusha presha.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilijipima, mia thelathini na sita. Nikataka Mwenzangu auone ushindi wangu vizuri, kwa hiyo nikampima na yeye, tulinganishe. Mia sabini na sita juu ya mia na nane.

Nikasema mashine imeharibika. Nikajipima mimi: mia thelathini na sita. Nikampima yeye: mia sabini na nane. Nikainyakua mashine nikakimbia nayo kwa nesi kulalamika.

Nesi akaijaribu, nzima. Akaniuliza wiki hii mwenzangu amepatwa na nini. Nikamweleza mpango wangu wote, kwa fahari, na simu tano nikazitaja. Akaweka kalamu mezani. Akasema kumbe mzigo sikuutua, nimemtwika mwingine. Akasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana nimekuwa mwepesi hivi. Kisha akaniamuru nimlete sasa hivi, tena tusikimbie.

Nikarudi nyumbani kumchukua. Ishirini na tatu! Miaka ishirini na tatu mwanamke huyu ananivumilia, na mimi nampelekea pasi ambayo hata haikuwa inawaka. Nampenda kuliko kisu. Nimeandika, na sifuti.

Nesi alimpa dawa na kumwambia apumzike. Tukarudi kwa miguu, polepole. Nilimshika mkono nikitafuta neno la kumwomba radhi. Kabla sijalipata, yeye akaniuliza kama nimekumbuka kumjibu dada mkubwa. Nikatokwa na machozi. Nikasema vumbi.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimeyachukua yote. Simu ya Mwenzangu nimeizima na kuiweka kabatini kwangu. Yeye nimemlaza.

Cherehani nimeibeba mwenyewe nikaileta hapa. Dada zangu sasa wanasemezana, tena mchana kutwa, kunihusu mimi. Jirani nimemwendea ana kwa ana. Kumbe anagonga ukuta kwa sababu nakoroma kochini. Binti nimekaa naye kwenye hesabu saa mbili nzima, na sasa hatuelewi wote wawili. Dari nimepanda kuiziba. Zamani ilivuja tone tone. Sasa tunaoga bila kufungua bomba.

Jioni: mimi mia sabini. Mwenzangu mia arobaini na sita!

Halafu nikasikia sauti jikoni. Anaimba, na maneno anayakosea kama zamani. Nikakaa kwenye ngazi, nimelowa, presha iko juu, nikimsikiliza. Sijawahi kufurahi hivi.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Siku ya kipimo. Mia sitini na sita. Nesi akaniuliza kama nina la kusema. Nikamwambia hizi ni zangu halali, nimezirudisha kwa mwenyewe. Akatabasamu, lakini sheria ni sheria. Nimepelekwa stoo.

Gundi amekabidhiwa kisu. Miaka kumi na tisa ya kukitamani! Akasimama mbele yake, akakitazama kinavyong'aa, na kwikwi zikamshika hadi saa nane. Kila kwikwi, msimamizi anaruka. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikampelekea maji. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho, naye akaninong'oneza nipone haraka.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Habari njema tupu. Stoo pametulia, na maboksi hayapigi mluzi. Nesi ametuita wawili. Mimi mia thelathini na tisa, Mwenzangu mia thelathini na mbili. Mwenzangu aliiogopa mashine, basi nesi akajipima kwanza mbele yake kumtoa hofu. Mia na kumi juu ya sabini. Mia na kumi! Hata binti yetu hafikii hapo.

Akatushauri tuwe tunatembea pamoja jioni, tugawane yanayotukera yangali madogo, wala mmoja asiyabebe peke yake. Wakati wa kuagana akasema lolote likitusumbua tusikae nalo moyoni, mlango wake uko wazi.

Mwenzangu akashukuru, akafikiri ameagwa kwa adabu. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Nimejifunza wiki hii kwamba mzigo usimtwike mkeo, kamwe, mkeo ana nafasi ndogo. Lakini mia na kumi juu ya sabini! Mtu ana ghala zima mle ndani, na amelikaribisha jambo kwa kinywa chake mwenyewe.

Nimekaa mezani tangu saa kumi namwandikia nesi orodha. Dari. Cherehani. Dada mkubwa. Dada mdogo. Hesabu, na hapa nimeambatisha daftari la binti aone mwenyewe. Jirani. Kwikwi za Gundi. Nambari ya simu ya zahanati nimewapa dada zangu wote wawili, waanze leo leo, wasimsubiri mtu.

Ili nisiwe mchoyo, nimemuuliza Mwenzangu kama na yeye ana shida ya kupeleka. Akaisoma orodha yote, akacheka mpaka akashika mbavu, akanibusu kipara. Akasema anayo moja tu, na jina lake amelizoea miaka ishirini na tatu. Nimeiandika, namba nane. Kesho nitamuuliza ni nani huyo, maana nesi lazima atataka kujua.