Shawa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 2019

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Wangui amenipa habari hiyo nikiwa na ugali mdomoni, akijua siwezi kujibu haraka. Kisha akaongeza lile lake la siku zote. Tangu tuhamie Isiolo, mama yake hajalala kwetu hata usiku mmoja. Anakunywa chai, anakula, saa tisa yuko njiani kurudi Othaya. Lakini kwa Luke, kule Nanyuki, analala! Luke amemwoa dada yake Wangui. Ana shawa ya maji ya moto na haachi kuitaja. Hata kwenye matanga ya shangazi aliitaja.

Wangui alisema anataka mama yake alale hapa mara moja tu, wapige gumzo mpaka usingizi uwachukue, kama alipokuwa msichana. Halafu akaenda jikoni kupangusa sufuria ambazo zilikuwa kavu tayari. Nilijisikia vibaya sana.

Tatizo ni mila. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Ndivyo nilivyolelewa. Hata kumwomba alale ni aibu; Luke aibu hana. Basi nikawaza. Paa la mkwe, sawa. Na paa hilo likiwa na magurudumu je?

Ninayo ile kombi ya kusambazia mkate, niliyoinunua kwa mnada Wangui akaninunia wiki nzima. Kitanda ndani, mapazia, tenki la maji, shawa ya moto. Nyumba isiyo nyumba! Tena logbuku, ile hati ya gari, ina jina la Wangui, kwa hiyo mama atakuwa amelala kwa binti yake. Nimejipongeza kwa soda baridi. Wangui sijamwambia.

Jumanne, 6 Agosti

Kombi iko kwa Atabo. Atabo huchomelea milango na madirisha. Shawa hajawahi kutengeneza, lakini kazi pia hajawahi kukataa, na ndiyo maana tunaelewana. Aliniuliza nachemshia nani maji katika mji huu. Boss, akasema, hapa maji inachemka yenyewe kwa mtungi. Nikamweleza kwa subira yote: Othaya ni baridi, mama mkwe hajaoga maji baridi tangu azaliwe. Akasema basi tutumie jua. Nilikuwa karibu kusema hivyo mimi.

Mpango: pipa juu ya kombi, limepakwa rangi nyeusi. Mpira mweusi wa maji umezungushwa paa zima. Jua linapika, maji yanashuka. Gharama ya kuni, hakuna! Luke na umeme wake atajuta.

Pipa nimelipata kwa jirani yangu Bule, anayekusanya maziwa ya ngamia kutoka Garbatulla. Aliapa ni safi kabisa, limefukizwa moshi juzi tu. Kisha akauliza la nini. Kosa langu ni kujibu. Kufikia jioni hotelini watu walikuwa wananiuliza jua limeiva au bado.

Jumatano, 7 Agosti

Majaribio. Asubuhi tulijaza pipa. Saa tano maji yalikuwa ya kuogea. Saa sita yalikuwa ya chai. Saa saba nilifungua bomba, likatema, nikaungua kidole gumba nikaruka nikagonga kichwa kwenye paa. Mpira ulikuwa umelainika kama tambi na ukachomoka wenyewe. Maji yote yakamwagika kwa ua wa Atabo, mbuzi wakatawanyika.

Machweo tulijaribu tena. Maji yalikuwa vuguvugu. Asubuhi yatakuwa baridi. Sasa, mama wa watu ataoga saa saba mchana mbele ya mji mzima?

Na kuna lingine. Nilipeleka birika la maji hayo nyumbani nijaribu ladha. Wangui alionja chai, akaweka kikombe chini taratibu, akauliza tumeanza lini kufuga ngamia. Nikasema ni majani mapya ya chai. Moshi ule wa kufukizia vyombo vya maziwa hautoki. Nimesugua kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Sasa pipa linanuka moshi na ndimu. Atabo anaipenda chai hiyo. Ameshaomba ya pili.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimepata wazo bora. Injini! Injini ni moto wa bure ambao Mungu ameuweka ndani ya kila gari. Tumepitisha bomba la shaba karibu na rejeta ya injini, tukalifunga kwa kamba za waya. Washa gari, subiri kidogo, maji moto. Zima gari, maji baridi. Hata mtoto angeelewa.

Tulihitaji pampu. Atabo alipata moja kwa jamaa yake na akatafuta waya wa kuitia umeme. Alipata waya ambao haukuwa na kazi. Ulikuwa na kazi. Ni wa honi. Sasa ukifungua maji honi inalia, na hainyamazi mpaka ufunge. Nilioga miguu tu, majirani watatu wa Atabo wakaja kufungua geti.

Nilimwambia Atabo atenganishe. Akasema kesho. Tena akasema si mbaya, mgeni akisikia honi atajua maji yamefika. Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli kutoka moyoni.

Ijumaa, 9 Agosti

Mabomba ya mji yamekauka kabisa. Bule akasema Rapsu kuna maji ya kumwagilia mashamba, yanapita tu mchana kutwa. Sawa! Safari ya Rapsu ingepasha pia injini. Tukaenda, mimi na Atabo. Mwenye shamba mmoja akaturuhusu kuchota kwenye mfereji, akituangalia kama watu waliotoroka mahali.

Kurudi, kabla ya Kinna, ngamia wakakatiza barabara. Nikakanyaga breki. Mimi nilisimama. Maji hayakusimama. Yalitoka na kifuniko cha pipa, yakapita kioo cha mbele, mengine yakaingia kwa tundu la paa hadi kwenye godoro. Godoro jipya! Atabo alikuwa amelala juu yake. Aliamka akiomba kwa Kiturkana.

Pipa lilibaki nusu. Tukafika nyumbani tunachuruzika, kombi na sisi. Wangui alikuwa getini. Ikabidi niseme yote: mila, magurudumu, logbuku, shawa. Wangui alikamua kona ya godoro. Kisha akauliza kama kuna mtu amemwuliza mama yake anataka nini. Nikasema jambo kama hilo haliulizwi. Akasema haya. Hiyo haya yake, heri angenitukana.

Lakini jioni nilimkuta ndani ya kombi akishona mapazia. Yale ya maua, aliyokuwa ameyatunza. 

Jumamosi, 10 Agosti

Siku yenyewe!

Mama mkwe alifika asubuhi na ndizi, nduma na kuku hai. Nilimsalimia kwa heshima, nikiwa mbali kidogo, macho chini. Akauliza kwa nini nimefungwa kidole. Nikasema kazi. Tukala vizuri. Wangui alicheka sana leo, kicheko ambacho sijakisikia muda mrefu. Mimi nikawa natazama saa. Nilitaka ikifika jioni shawa iwe tayari, moto wa kutosha.

Saa tisa nikanyata nje. Nikawasha kombi. Injini ikanguruma vizuri. Atabo alikuwa ndani, nikamwambia ajaribu maji. Akafungua bomba. Nilikuwa nimesahau honi. Atabo pia alikuwa amesahau honi, na kwa kuchanganyikiwa akawa anafungulia zaidi badala ya kufunga, mpaka mwishowe akapata njia sahihi.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama mkwe akatoka. Kitambaa kichwani, mkoba mkononi, sweta begani. Akatembea moja kwa moja hadi kwenye kombi, akapanda kiti cha mbele, akaweka mkoba mapajani. Nilifurahi jamani! Nikadhani ameipenda kabla hata ya kukiona kitanda. Nikamwuliza kama kiti ni kizuri.

Akasema, twende.

Nikauliza wapi. Akasema steji ya matatu, si ndiyo unanipeleka. Nyuma yake Wangui alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni. Nikasema hapana Mama, napasha maji. Akasema polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza:

"Githinji, kila nikikuja, ikifika saa tisa unaniwashia gari. Mimi ni mtu mzima, naelewa. Leo hata honi umenipigia."

Nilitamani ardhi inimeze. Gari nilikuwa nawasha kwa heshima! Ili asipate taabu ya kuaga, ili asiseme mwenyewe kwamba usiku hawezi. Nikamweleza mila. Nikaeleza paa na magurudumu. Nikakimbia nyuma nikafungua bomba ili aone kwamba kweli ni maji. Honi ikalia. Yakatoka maji ya kahawia yenye moshi, ya moto kweli, na ndani yake mtoto wa chura, maskini, tayari amechemka. Nikafunga bomba haraka.

Mama mkwe aliteremka, akaja akatazama. Akaangalia kitanda, mapazia ya maua, Atabo aliyejificha nyuma ya godoro. Akauliza kama hii yote ni kwa sababu yake. Nikasema ndiyo. Akasema mila hiyo waliizika pamoja na nyanya yake, yeye ni mtu wa kanisa, kwa Luke hulala hata kwenye kochi. Na hapa hajalala kwa sababu hakuna mtu amewahi kumwuliza.

 Injini ilikuwa bado inanguruma.

Wangui akaja, viatu hana. Akamwuliza mama yake, sauti ndogo kabisa, "Maitu, utalala?"

"Nitalala."

Wamekumbatiana hapo hapo kwenye matope ya Rapsu. Mimi nilienda kuzima gari. Macho yalikuwa yanawasha, labda moshi.

Mama mkwe amelala kwenye kitanda chetu na Wangui. Mimi niko kwenye kombi. Godoro bado ni bichi. Kutoka hapa nasikia wanacheka, na naamini wananicheka mimi.

Jumapili, 11 Agosti

Idd. Bule alituletea nyama na maziwa. Mama mkwe amekunywa chai ya maziwa ya ngamia, akasema ina moshi mzuri. Nilimtazama Wangui. Wangui akatazama dirisha.

Ameoga kwa karai. Maji yalichemka kwenye jiko la makaa, muda mfupi tu. Akasema anapenda karai. Nikamwuliza kuhusu shawa ya Luke, nikijifanya sina haja sana. Akasema ile ilimpiga shoti siku ya kwanza, tangu hapo huko pia anaoga kwa karai na Luke hajui. Nimekuwa na furaha siku nzima. Hata kanisani nilitabasamu wakati wa maombi ya wagonjwa.

Jumapili, 18 Agosti

Mama mkwe ameondoka jana, baada ya wiki nzima. Alichagua saa mwenyewe. Mgongo wangu umepinda kwa lile godoro lakini Wangui anaimba jikoni, kwa hiyo silalamiki.

Kabla ya kuondoka alisema baba mkwe naye angependa kuja Desemba. Wangui amesema nimpigie simu mzee nimwulize tu angependa nini. Amesema hivyo mara mbili, akinikazia macho. Nimeitikia.

Lakini mtu humwulizaje mzee kama yule jambo kama hilo? Atasema hahitaji kitu, ndivyo wazee walivyo. Mimi nimeshajua shida yake. Ni mtu wa Othaya, joto la Desemba hapa litamuua. Anahitaji baridi! Pipa liko. Mpira uko. Ukitoboa mpira vitundu vidogo, ukaupitisha juu ya kitanda, maji yakamdondokea taratibu usiku kucha bila yeye kujua, atalala kama yuko kwao kwenye ukungu.

Atabo anakuja kesho asubuhi. Ameuliza kama mzee atapenda. Nimemwambia aache maswali.