Nilivyoichagulia Malaba Itifaki

Jumatatu, 9 Juni
Siamini! Mama Atyang, mwenye kampuni yetu ya kutoa mizigo forodhani, amenikabidhi kazi kubwa. Ofisi ya Busia na ya Malaba ziongee kwa simu za mtandao. Mimi nichague itifaki, yaani kanuni ambazo simu hizo zitafuata. Sharlyne wa kompyuta amenuna. Ndiye aliyesomea mambo hayo. Shauri yake.

Jumanne, 10 Juni
Sharlyne anataka itifaki ya SIP. Eti ni nyepesi, na intaneti ya Malaba inajikokota. Eti sauti ibanwe ili ipite upesi, na tupime mtandao kwanza. Kupima! Kwani ni shamba? Akasema H.323 ni nzito, ilipendwa na makampuni makubwa kwa mikutano ya video. Makampuni makubwa! Nimechagua hiyo. Na sauti nimechagua isiyobanwa kabisa. Sauti ya Mama ibanwe?

Jumatano, 11 Juni
Nimepiga Malaba. Ekwaro, msimamizi wa yadi, analalamika kwamba maneno yangu yanafika yamekatwa vichwa. Sharlyne akanitazama. Nikamwambia kwamba Ekwaro hajazoea teknolojia.

Alhamisi, 12 Juni
Mungu wangu! Vifaranga elfu mbili wamefika Malaba kwa lori kutoka Uganda. Daktari wa mifugo hajawakagua. Mama akashika simu akapaza sauti: "Msifungue maboksi!"
Simu ikameza "msi".
Wakafungua. Yote! Ekwaro akapiga kwa simu yake ya mkononi, anahema. Vifaranga wako chini ya matrela. Wako ndani ya gambuti za dereva. Mmoja amevuka mpaka bila karatasi! Mama aliketi sakafuni.

Ijumaa, 13 Juni
Sharlyne amepima mtandao, akaweka SIP, akabana sauti. Saa moja tu! Ekwaro anasikika kama amekaa mezani kwangu. Vifaranga wengi wamepatikana. Sharlyne sasa ni mkuu wa mawasiliano.

Jumamosi, 14 Juni
Mama amenihurumia. Amenituma nikanunue kitasa cha mlango wa ofisi. Cha kawaida, akasisitiza mara tatu. Kawaida! Nimepata kinachosoma uso. Hakina hata tundu la ufunguo! Nimeshakifunga mlangoni, na nimesajili uso wangu peke yangu. Jumatatu asubuhi wataona kama kampuni hii inaweza kufunguka bila mimi.