Harage Moja Katika Sufuria ya Mume Wangu

Kwa Bwana Orville Stubbs,
Jaji Mkuu wa Mashindano ya Mchuzi wa Pilipili,
Cutter Springs, Texas.

Mheshimiwa Jaji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na ulimi wako umeshapoa. Mimi ni bibi harusi mpya. Keki yetu bado iko kwenye friji, na fungate tunalingojea Novemba, baharini Galveston. Sikutarajia kuanza ndoa kwa malalamiko.

Lakini Jumamosi ulichovya kijiko katika sufuria ya mume wangu Royce, ukatoa harage, ukaliinua kama umemshika panya mkia, ukapaza sauti: "Jamani, hapa ni Texas! Maharage kapikieni nyumbani kwenu!" Royce akaondolewa, kwani kwa kanuni zenu mchuzi huu ni wa nyama na pilipili tu, harage ni mwiko. Ushindi akapewa Leland Pruitt, ambaye sasa ndiye atakayekwenda fainali za jimbo kule jangwani. Naomba Royce arudishiwe ushindi wake, kwa sababu hizi:

1. Royce hawezi kutia maharage. Siku aliyonichumbia aliniambia, "Delfina, mambo matatu siyawezi: kucheza dansi, kuchanganya nyama na maharage, na kukudanganya." Dansi alicheza siku ya harusi, tena vizuri, lakini hayo mawili namwapia.

2. Sufuria ililindwa. Mimi na rafiki yangu Joleen tulikaa kando yake tangu asubuhi. Ni kweli nilimtazama zaidi mpishi kuliko sufuria, lakini wewe hukumwona akikoroga, mikono ya shati ameikunja, moshi unamzunguka kama malaika aliyepotea njia. Hata Joleen aliniambia, "Shoga, pangusa mate, watu wanatuona."

3. Harage lilikuwa gumu. Nililiokota ulipolitupa; nimelihifadhi kwenye kisanduku cha pete yangu. Mchuzi uliochemka tangu alfajiri, harage lisiive? Basi lilitiwa dakika za mwisho. Na dakika hizo karibu na sufuria tulikuwa watatu tu: mimi, Joleen na Royce. Mimi siye. Joleen ndiye aliyekuwa mpambe wangu. Kwa hiyo ni Leland. Alikuwa ng'ambo ya uwanja, nakubali, lakini ujanani alicheza besiboli, na mkono uliozoea kurusha mpira hausahau shabaha.

4. Leland alipopokea kikombe cha ushindi alimkonyeza mume wangu akasema, "Pole, kijana! Mkatusalimie mawimbi." Hayo ni matusi, ingawa sijayaelewa.

5. Mimi nimelelewa kwa maharage ya bibi yangu. Tangu niolewe nimeyaacha, kwa heshima ya sufuria ya Royce. Bibi hasemi nami. Wasemao husema pilipili usiyoila yakuwashia nini. Mimi nimeila, nimeolewa nayo, na inaniwasha. Ikiwa mapenzi ya namna hii hayastahili kikombe, basi nashauri maharage yote yapigwe marufuku katika wilaya nzima, makopo yakaguliwe barabarani, na wanaoyalima wapewe muda wa kujirekebisha.

Msalimie mkeo, majaji wenzako, na wapishi wote. Leland naye msalimie, ila kwa ufupi.

Mimi mwenye uchungu na furaha,
Bi. Delfina Teague
(jina hilo la pili bado jipya, nimeliandika polepole makusudi)

Tanbihi: Nimemsomea Royce barua hii kabla ya kuifunga. Amekuwa mwekundu kuliko mchuzi wake. Amesema, "Mpenzi, harage nilitia mimi. Fainali zimeangukia Jumamosi ileile ya Galveston. Ningeshinda, ningekwenda jangwani na sufuria badala ya baharini na wewe. Na ningejitoa, mji mzima ungesema nimemwogopa Leland. Leland mwenyewe ndiye aliyenipa harage."

Dansi ameshacheza, maharage ameshatia. Nilipomsomea barua, uongo ulimshinda.

Mheshimiwa, tafadhali ichome barua hii, na kikombe abaki nacho Leland. Harage silirudishi.